Lugha Isiyo na Kitabu

Msomaji, huenda umepata kumsikia mtu akisema juu ya lugha fulani, "Hiyo si lugha, ni kilugha tu, haina sarufi." Maneno hayo husemwa sokoni, husemwa katika vyumba vya walimu, na mara nyingi husemwa na watu ambao lugha hiyo ndiyo waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Husemwa kwa wepesi, kama mtu asemavyo kuwa leo ni Jumanne. Lakini ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na yafaa tuyafungue. La kwanza ni habari: kwamba ziko lugha zenye utaratibu na ziko zisizo nao. La pili ni hukumu: kwamba lugha isiyo na utaratibu haistahili heshima, na mwenye kuisema hana budi kuona haya. Habari yaweza kuwa kweli au uongo. Hukumu yaweza kuwa ya haki au ya dhuluma. Nataka tuyapime yote mawili, moja baada ya jingine.

Kwa kupima huku sitachukua lugha ya mtu yeyote miongoni mwetu. Nikichukua Kikamba, Mkamba atajivuna na jirani yake atanung'unika. Nikichukua Kidigo, itakuwa vivyo hivyo. Hakimu hakai barazani kusikiliza kesi ya shemeji yake. Basi nimechagua lugha ya mbali, ambayo hapa kwetu hakuna aipendaye wala aichukiaye: Kianyi, lugha ya Afrika ya Magharibi.

Waanyi wakaa kusini-mashariki mwa Côte d'Ivoire, nchi ambayo wengi wetu twaiita Ivory Coast, katika miji kama Abengourou, Aboisso na Agnibilékrou, na wengine wachache wako ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Ghana. Wasemaji wa lugha hiyo wapita milioni moja. Wafaransa waliliandika jina lao Agni. Wengine huandika Anyin, kwa kuwa irabu ya mwisho hutokea puani. Wazee wao walitoka upande wa mashariki, katika nchi ambayo leo ni Ghana, wakaingia msituni kwa makundi, wakaanzisha falme. Mojawapo ya falme hizo ni Sanwi, ambayo mji wake mkuu ni Krinjabo, na ambayo ilifanya mkataba na Ufaransa mwaka 1843. Lugha zilizo ndugu na Kianyi ni Kibaule, kilicho karibu nacho mno, na Kinzema, lugha ya nyumbani kwao Kwame Nkrumah.

Watu hawa hawakuwa na kitabu cha sarufi. Yapata mwaka 1900 Mfaransa mmoja, Maurice Delafosse, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha huko Paris kitabu cha kuifundisha lugha yao. Je, sarufi ya Kianyi ilizaliwa Paris siku hiyo? Kama ndivyo, basi siku moja kabla ya kitabu kutoka, mama wa Krinjabo alipomwambia mwanawe alete maji, mtoto alijuaje kwamba anaambiwa alete, wala haambiwi kwamba ameleta?

Tuanze na sauti. Kiswahili chetu kina irabu tano. Kianyi kina irabu tisa zitokazo kinywani, na nyingine tano zitokazo puani. Zile tisa hazikai ovyo. Zimegawanyika kwa kazi ya shina la ulimi: kwa baadhi yake shina husogezwa mbele na koo likapata nafasi, kwa nyingine shina hubaki nyuma. Na hapa ndipo penye utaratibu. Kwa kawaida irabu za neno moja hutoka upande mmoja, na kiambishi kikishikamana na neno hubadili irabu yake kulifuata, kama mgeni avuavyo viatu mlangoni akiona wenyeji wamevua. Mtoto mdogo wa Kianyi huishika kanuni hii kabla hajajua kuhesabu, wala hapana aliyemwambia kwamba ulimi una shina.

Msomaji aliyezaliwa Narok hatashangaa. Kimaasai nacho kina irabu tisa na desturi ya namna iyo hiyo, na Dholuo kadhalika, ijapokuwa lugha hizi si za ukoo mmoja na Kianyi. Atakayeshangaa ni mzaliwa wa Lamu. Tena alfabeti iliyotoka Ulaya haitoshi kwa irabu tisa; ndiyo sababu wataalamu wa lugha huko Abidjan, walipotoa mwaka 1979 mwongozo wa kuziandika lugha za nchi yao, walitia herufi kama ɛ na ɔ, ambazo Kifaransa hakinazo. Herufi zilikuwa chache, sauti zilikuwa nyingi. Hapo aliyepungukiwa ni nani?

Ziko pia konsonanti zinazoandikwa kp na gb. Usizisome kama herufi mbili zinazofuatana. Midomo hufungwa, na wakati ule ule nyuma ya ulimi hujibana juu ya kinywa, kisha vyote viwili huachiwa kwa pamoja. Ukitaka kuisikia sauti hiyo karibu na kwetu, mwombe Mlugbara wa Uganda akutajie jina la kabila lake.

Lakini jambo kubwa zaidi ni toni. Katika Kianyi, sauti kuwa juu au chini ni sehemu ya neno, kama vile herufi k au t ilivyo sehemu ya neno. Maneno mawili yenye herufi zile zile huweza kutengwa na toni peke yake. Wala si maneno tu: hata hali ya kitenzi, kama tendo ni la desturi au ni la kutakiwa, huweza kutambulishwa kwa sauti kupanda au kushuka. Kikuyu na Kikamba zina toni. Kimaasai kina toni. Kiswahili hakina, na katika jambo hili, miongoni mwa lugha za Kiafrika, chetu ni mojawapo ya zile chache.

Kutokana na toni limezaliwa jambo ambalo wageni wengi walilisikia pasipo kulisikiliza. Waanyi, pamoja na ndugu zao, wana ngoma mbili ziitwazo attoungblan, moja yenye sauti ya juu na moja yenye sauti ya chini, ambazo mtu mmoja huzipiga pamoja. Ngoma hizo husema. Sisemi kwamba zina alama za siri, kama zile za simu za zamani za waya. Nasema kwamba mpiga ngoma huifuata sentensi yenyewe, akipanda pale inapopanda na kushuka pale inaposhuka, na msikilizaji aijuaye lugha huyatambua maneno. Na kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpiga ngoma hatumii neno moja pweke. Hutumia mafungu marefu ya maneno yaliyozoeleka, mpaka shaka iondoke. Kwa njia hiyo zimehifadhiwa nasaba za wafalme, sifa zao, na methali. Georges Niangoran-Bouah, mtaalamu wa Côte d'Ivoire, alitoa mwaka 1981 kitabu juu ya elimu ya ngoma hizi, akashikilia kwamba zichukuliwe kuwa hazina ya historia. Anayesema kwamba lugha kama hii haikuwa na kitabu, atuambie kwanza ngoma hiyo ni nini.

Sasa sarufi, na hapa najua mwanafunzi mwerevu atanikatiza. Kianyi hakina ngeli kama zetu. Sisi twasema "mtoto mdogo ameanguka" na "kikombe kidogo kimeanguka". Jina likibadilika, kivumishi na kitenzi hugeuka pamoja nalo kama askari waliosikia amri. Mwanyi hafanyi hivyo. Kwake jina haliwalazimishi majirani zake wavae sare, na wingi huonyeshwa kwa neno dogo linalolifuata jina. Mwanafunzi wangu atasema, "Kumbe ni kweli, mwalimu, sarufi yao ni haba!"

Ngoja kwanza, tumwalike Mwanyi naye akitazame Kiswahili. Je, hatasema, "Lugha gani hii yenye irabu tano tu, kama vidole vya mkono mmoja? Ukiinua sauti, neno ni lile lile. Ukiishusha, ni lile lile. Ngoma yao itasemaje?" Naye atakuwa na haki sawa na ya mwanafunzi wangu, yaani hatakuwa na haki yoyote. Kila mmoja amekuja na pishi ya nyumbani kwake, akaipimia nafaka ya mwenzake, kisha akashangaa kwamba haikujaa.

Ukiutazama Kianyi kwa kanuni zake chenyewe, utaona kwamba kila kitu kina mahali pake. Mtenda hutangulia, tendo hufuata, na mtendwa huja baadaye, kama kwetu. Lakini mwenye mali hutangulia mali, na neno la mahali huja nyuma ya jina: si "ndani ya nyumba" bali kama kusema "nyumba ndani", jambo ambalo halipaswi kutushangaza sisi tusemao "nyumbani", tukitia mkia wetu nyuma vile vile. Kiwakilishi kimoja chatosha kwa mwanamume na kwa mwanamke. Mtoto wa Kianyi aendapo shule hufundishwa na Kifaransa kuwatenga wawili hao kila afunguapo kinywa, lakini kabla ya hapo hakuwa amepungukiwa na akili, kama wewe usivyopungukiwa unaposema "amekuja" bila kutaja kama ni baba au ni mama.

Liko jambo moja ambalo nalipenda kuliko yote. Sisi twasema, "Amekata nyama kwa kisu." Katika Kianyi, na katika lugha nyingi za ukoo wake, hakuna haja ya hicho "kwa". Vitenzi hupangwa mfululizo: mtu huchukua kisu hukata nyama, na hiyo ni sentensi moja na tendo moja. Asiyejua ataona maneno yaliyorundikwa. Lakini rundo hilo lina sheria. Mtenda ni mmoja kwa vitenzi vyote. Kiunganishi hakiingii katikati. Na huwezi kuvigeuza vitenzi ukatanguliza kukata, kwa maana mkono hushika kisu kabla kisu hakijagusa nyama. Jaribu kuvunja sheria moja mbele ya bibi kizee wa Abengourou, ambaye hajapata kusoma kitabu cha sarufi maishani mwake, naye atakusahihisha papo hapo. Anasahihisha kwa kufuata nini, kama sarufi haipo?

Kwa hiyo ile habari tuliyoletewa ni ya uongo. Wataalamu wamezichunguza lugha nyingi mno za dunia, za watu wa mijini na za wawindaji wa msituni, wala hawajakuta hata moja isiyo na sarufi. Kitabu cha sarufi ni picha ya sarufi; na mtu asiyepigwa picha hakosi uso kwa sababu hiyo.

Walakini haki yataka tumsikilize na mpinzani. Atasema, "Haya, sarufi nimekubali. Nionyeshe basi kitabu cha fizikia cha Kianyi." Hoja hii si ya kuchekwa. Mtu hawezi kusomea udaktari leo kwa Kianyi, na kumficha kijana jambo hilo ni kumdanganya. Lakini tuangalie hoja hiyo yathibitisha nini. Yathibitisha kwamba Kianyi hakikupewa kazi hiyo; haithibitishi kwamba hakiiwezi. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa na kuandika Kilatini, na Kiingereza kilikuwa lugha ya mkulima. Hata ilipofika mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria ya kuagiza kesi zinenwe kwa Kiingereza mahakamani, maana watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Aliyeishi mwaka 1200 angeweza kuuliza kwa dharau, "Nionyeshe kitabu cha sheria cha Kiingereza."

Kuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi. Nimekwisha kutaja kwamba Kinzema ni ndugu ya Kianyi. Serikali ya Ghana imekikubali Kinzema kuwa miongoni mwa lugha za kufundishwa shuleni, na vitabu vyake vipo. Kianyi hakimo katika orodha hiyo. Ng'ambo ya pili, Côte d'Ivoire ilipopata uhuru mwaka 1960 iliweka Kifaransa peke yake kuwa lugha ya serikali, na ni katika miaka ya mwanzo ya karne hii tu ambapo shule chache zilijaribu kuwaanza watoto kwa lugha za nyumbani, Kianyi kikiwa mojawapo. Lugha mbili zilizotoka tumbo moja, moja imeketi dawatini na moja imebaki nje. Ukizipasua sentensi zao huwezi kuipata sababu. Sababu iko katika mpaka uliochorwa na Waingereza na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, na katika karatasi za maofisini.

Basi habari imeanguka. Imebaki hukumu: kwamba msemaji yampasa aone haya. Katika nchi zilizotawaliwa na Wafaransa hukumu hii haikubaki maneno. Bernard Dadié, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1916 huko Assinie, katika pwani ya nchi ya Sanwi, na kufariki mwaka 2019, ameieleza katika kitabu chake *Climbié* cha mwaka 1956. Shuleni kulikuwa na kitu kidogo kilichoitwa alama. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alikabidhiwa alama ile, akabaki nayo kwa aibu mpaka amsikie mwenzake akikosa vivyo hivyo, ampe yeye. Msomaji wa Kenya halihitaji jambo hili lifafanuliwe. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandika la kwetu mwaka 1986, na wako wazazi wengi walio hai ambao wameivaa alama hiyo shingoni.

Wako wanaoitetea desturi ile. Husema kwamba iliwafanya watoto wajue lugha ya kigeni upesi, na watamtaja Dadié mwenyewe, aliyeziandika kwa Kifaransa kizuri hadithi za Kacou Ananzè, yule buibui mjanja ambaye huko ndiye anayefanya kazi ya sungura wetu. Mimi ni mwalimu, na naijua tamaa ya kutaka darasa lijue Kiingereza kabla ya mtihani. Siwadharau wenye hoja hii. Lakini na tutazame somo lenyewe. Ili mtoto aitue alama, ilimpasa akae karibu na rafiki yake na kumtegea sikio, akingoja ulimi wake uteleze. Siku nzima hakufundishwa Kifaransa. Alifundishwa kumvizia mwenzake. Kama alijua Kifaransa, alikijua kwa sababu ya walimu na vitabu, navyo vingefanya kazi yao hata kama alama isingalikuwapo.

Tena nenda mbali zaidi. Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba tungekuta lugha iliyo haba kweli, isiyo na kanuni wala maneno ya kutosha. Je, hapo ingekuwa halali kumwaibisha mtoto aliyezaliwa ndani yake? Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye paa linalovuja hapigwi kwa sababu ya paa. Kwa hiyo hukumu ile ingekuwa dhuluma hata kama habari ingekuwa kweli. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa watetezi wa lugha zetu mara nyingi husahau. Hubishana usiku kucha kuthibitisha kwamba lugha ya mama ni tajiri, kana kwamba heshima ya mtoto yangoja matokeo ya ubishi huo.

Nimefika sasa mahali pagumu, wala sitapapita kwa kukimbia. Je, Mwanyi anao wajibu wa kumrithisha mwanawe Kianyi? Mfikirie baba anayekaa Abidjan, mji wenye mamilioni ya watu na makabila mengi. Mkewe ni wa kabila jingine. Nyumbani husema Kifaransa, na shule ni Kifaransa, na kazi ni Kifaransa. Wako watakaomwita msaliti. Mimi sioni kwamba nina haki ya kumwita hivyo. Lugha haina tumbo wala machozi, mtoto anavyo. Hatuwezi kumtwika mtoto mzigo wa kuihifadhi lugha, kana kwamba yeye ni ghala, hali mwenyewe ataishi mara moja tu. Mwenye kusema kwamba kila lugha ihifadhiwe kwa gharama yoyote, na aseme gharama hiyo italipwa na nani, maana kwa kawaida msemaji huwa si mlipaji.

Lakini kuna kutua mzigo, na kuna kuangushwa mzigo kichwani. Baba huyo asemapo, "Nimechagua Kifaransa," yafaa aulizwe kwa upole kama kweli alichagua, au kama alama ile aliyokabidhiwa baba yake shuleni ingali mfukoni mwake. Akisema, "Nimekupa Kifaransa kwa ajili ya kazi, na kwa kuwa mimi na mama yako hatukuwa na lugha nyingine ya kusikilizana," amesema kweli, na mtoto aweza siku moja kuupima ukweli huo na kuamua la kwake. Akisema, "Sikukufundisha kwa sababu ile si lugha, haina sarufi," amemdanganya mtoto juu ya nyanya yake, juu ya babu yake, na juu yake mwenyewe. La kwanza ni juu yake kulichagua. La pili sioni ruhusa yake itoke wapi.

Na mtoto huyo, hata akiwa hajui neno moja la Kianyi, huenda akaitwa Koffi au Kouadio, kwa maana Waanyi huwapa watoto majina kwa siku waliyozaliwa. Iko siku atauliza jina lake lina maana gani.